Baba Uliyempandisha Jukwaani

Akeyo mwanangu,

Mambo ya safari ya Dar es Salaam mama yako amekwisha kuyasema, na aliyoyasahau atayasema kesho ukiwa umeshika mlango wa basi. Omena zimekaangwa, hati ya kusafiria iko kwenye mkoba mdogo, na jina la binamu yake wa Mwanza umeandikiwa mara mbili. Mimi sina la kuongeza juu ya hayo. Nimeketi mezani pangu, jua bado halijashuka, na kutoka chumbani kwako nasikia wewe na mdogo wako Felix mkicheka mkijaribu kufunga sanduku. Ningeweza kuja hapo mlangoni nikakwambia haya kwa mdomo. Nilijaribu wiki iliyopita na unajua ilivyokwisha.

"Unamwonea wivu maiti," uliniambia.

Ulidhani umenishinda. Ulikuwa umenishinda. Ni kweli nilimwonea wivu kaka yangu tangu akiwa hai, na alipokufa ndipo nilipomwonea zaidi. Lakini mtu mwenye wivu anaweza pia kuwa anasema kweli. Hilo tu ndilo ninaloomba ulikumbuke unaposoma, ukiwa huko mbali ambako huwezi kuniona uso.

Nianzie ukumbini Homa Bay, siku tamthilia yako iliposhindanishwa, kwa sababu ndiko mambo yaliponifika shingoni. Watu walijaa hadi madirishani. Mimi na mama yako tulipewa viti vya mbele, heshima ya wazazi wa mtunzi. Tamthilia yenyewe nilikuwa naijua. Uliniletea muswada nyumbani, ukaniomba nikusahihishie Kiswahili, nami nikafanya hivyo kwa kalamu nyekundu kama ninavyomfanyia mtoto wa mtu yeyote. Nilirekebisha ngeli katika mistari iliyonitukana. Pale ambapo bibi anamwambia yule mdogo wa marehemu, "Utaishi na utakufa chini ya kivuli ya kaka yako," nilikata ile "ya" nikaandika "cha". Kisha nikafungua ukurasa uliofuata.

Lakini kusoma ni kusoma, na kuona ni kitu kingine. Kwenye karatasi mtu yule hakuwa na mwili. Jukwaani alitoka amevaa koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni, akivuta mguu wa kushoto kidogo kama ninavyovuta mimi tangu nianguke na pikipiki. Ukumbi ulicheka kabla hajafungua mdomo. Mwanamke mmoja nyuma yetu alimwambia mwenzake kwamba watu wa aina hiyo anawajua, wanangoja tu udongo wa kaburi ukauke. Majina uliyachagua vizuri. Marehemu umemwita Jabali, na mdogo wake, anayemrithi mjane, umemwita Kupe. Matumizi ya majazi, majina yanayobeba tabia ya mtu, nilikufundisha mimi, ukiwa bado unavaa sketi ya shule.

Halafu ikaja ile sehemu ya surua. Mtoto anawaka homa, mvua imekata barabara, na Jabali anamwinua begani kama shujaa anayetoka vitani, anavuka maji, anafika hospitali, anapiga mlango kwa ngumi. Watu walilia. Mimi pia nililia, na mwalimu mmoja wa Mbita aliyekuwa kando yangu akanipa kitambaa chake akaniambia, "Pole, Mwalimu. Kaka alikuwa mtu." Nikapokea kitambaa.

Akeyo, ulipougua surua ulikuwa na miaka minne. Kaka yangu Ouma, baba yako, alikuwa amekufa ulipokuwa hujatimiza miwili. Hukuhesabu, na sikulaumu, mtoto hahesabu miaka ya mapenzi aliyopewa. Dani, mama yetu, alikwambia, "Baba yako ndiye aliyekubeba," na sijui hata leo kama yule bibi yako alikuwa anadanganya au alikuwa ananiita mimi baba yako kwa mara moja ile tu. Ninachojua ni kwamba wewe ulimsikia Ouma, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale sikusahihisha.

Hukubebwa begani. Nilikufunga mgongoni kwa leso ya mama yako, kama yaya, kwa sababu ulikuwa unatapika na nilihitaji mikono yote miwili kushika vichaka kando ya mto. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliniona wakaangua kicheko, mwanamume mzima, mwalimu, amefungwa leso ya maua. Mama yako alikuwa nyuma yangu na viatu vyangu mkononi. Mlangoni pa hospitali sikupiga ngumi. Nilisimama kwenye foleni.

Najua si mandhari ya jukwaani. Ndiyo maana sikumlaumu mtunzi. Mtunzi aliandika alichopewa.

Na aliyempa ni mimi. Hapo ndipo ninapotaka ufike.

Ouma alikuwa fundi wa injini za mashua pale Mbita. Nikueleze yaliyo ya kweli kwanza, ili usidhani nimekuja kumchimbua nimtupe. Alikuwa na sikio. Mtu angeleta injini kutoka Mfangano, Ouma angesimama tu, mikono nyuma, aisikilize ikikohoa, halafu aseme ugonjwa uko wapi, na akifungua anaukuta pale pale. Alicheka kwa mwili mzima, na ukiwa karibu naye akicheka ulijiona una bahati. Tulipokuwa wadogo alinipigania shuleni mara nyingi. Mimi nilikuwa mtoto wa vitabu na mafua, yeye ndiye aliyefanya watu waliheshimu jina la baba yetu. Hayo yote yamo kwenye tamthilia yako na ni ya kweli.

Alikufa hivi. Alikuwa amekunywa tangu mchana, pale vibandani ufukweni. Akasema anakwenda kuangalia injini moja. Asubuhi walimkuta kati ya mashua mbili, mahali ambapo maji yanamfika mtu mzima kifuani. Hapakuwa na mawimbi usiku ule, wala mashua iliyopinduka. Hakuna mtu aliyekuwa anamwokoa.

Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, kwa hiyo wasifu wa marehemu niliachiwa mimi niuandike. Unajua mazishi ya kwetu. Mtu hawezi kusimama mbele ya mahema na padri na wakwe akasoma kwamba marehemu alizama kwa pombe ndani ya maji ya kifuani. Niliketi na kalamu, Dani akilia chumba cha pili, nikaandika kwamba ndugu yetu alifariki akijaribu kuokoa maisha ya wenzake ziwani. Sentensi moja. Nilipoisoma, watu waliitikia amina, na Dani akanyamaza kulia akanitazama kama mtu aliyepewa maji ya kunywa. Mazishi yalipokwisha aliniomba nimsomee tena. Baada ya mwaka alikuwa anaisimulia yeye, na wale wenzake waliookolewa walikuwa na majina.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomtunga Ouma. Nyingine zilikuja kwa urahisi zaidi.

Wazee walikuwa wameketi. Nikaambiwa mimi ndimi jater, yaani ndugu wa marehemu anayeingia kwenye nyumba ya mjane ili nyumba isimame. Nilikuwa na mke wakati huo, hapa Migori. Humkumbuki, na nyumbani hatumtaji. Jina lake ni Rosa. Alikuwa Msabato wa kweli, si wa siku ya ibada tu, na aliniambia kanisa lake halikubali jambo lile na yeye pia halikubali. Nilimweleza kwamba ni desturi tu, ni jina tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja nguo zake bila haraka, akasema, "Siwezi kugawana mume na kaburi." Akaenda kwao. Sikumfuata. Nilijiambia ananionea, kwamba mwanamke mwenye moyo angeelewa. Ilinichukua miaka kukiri kwamba aliona mbele kuliko wazee wote, na kwamba sikukubali kurithi kwa ajili ya mama yako wala kwa ajili yako. Nilikubali kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani naombwa kusimama mahali alipokuwa amesimama Ouma.

Na mahali pale, mwanangu, nilikuta hapana nafasi. Wewe mwenyewe ulianza kuniita Baba. Ulikuwa umejifunza kusema juzi tu, ukaniita hivyo mbele ya watu, na Dani akakukalisha akakwambia, "Huyu ni baba mdogo. Baba yako yuko pale," akakuonyesha kaburi. Ulikwenda ukaliamkia. Alipozaliwa Felix, niliyemzaa mimi, akaandikwa Felix Ouma, kwa maana ng'ombe wa mahari walitoka kwa Ouma na mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Sina mtoto duniani mwenye jina langu. Nimelijua hilo kila nilipoita majina darasani, na sijawahi kulisema kwa sauti mpaka leo ninapoliandika.

Basi ukaanza kuuliza. Alikuwa mrefu? Alikuwa anapenda nini? Alinipenda? Mama yako alikuwa anaondoka jikoni ukianza maswali hayo, ukawa unakuja kwangu, jioni, nikitoka shule. Mwanzo nilikupa vichache, kicheko, sikio la injini. Lakini nilikuwa mwalimu wa fasihi, nilijua mhusika anavyojengwa, na macho yako yalikuwa yakinitazama kama hayakuwahi kunitazama kwa sababu nyingine yoyote. Nikaongeza. Nikakwambia kila usiku alikuwa anakuja kukufunika kabla hajalala. Nikakwambia hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Nikakwambia alimwambia mama yako siku ya arusi kwamba hataogopa kitu ziwani tena kwa kuwa sasa ana mtu wa kumrudia. Sentensi hiyo ya mwisho niliitunga nikiwa naosha mikono. Niliisikia Homa Bay, neno kwa neno, na watu wakapiga makofi.

Ungeniuliza kwa nini sikujipa mimi mwenyewe yale mema, walau yale niliyoyafanya. Nimejiuliza pia. Nadhani nilipata raha fulani mbaya. Nilipokuwa nikimtunga, nilikuwa mkubwa kuliko yeye. Na pia ilinipa kupumzika. Baba mzuri alikuwepo tayari, amekamilika, hachoki, hakosei, kwa hiyo mimi sikulazimika kuwa yeye. Niliweza kuwa mtu wa madaftari na koti la kijivu, nikaacha kazi ya ubaba kwa marehemu.

Lakini nilimtumia vilevile kama fimbo, na hili ndilo linaloniuma kuliko kucheka kwa ukumbi wote. Ilipofika siku ya kwenda shule ya bweni ulining'ang'ania mkono pale getini ukalia kwa sauti. Wazazi wengine walikuwa wanatutazama. Nikainama nikakwambia, "Binti ya Ouma halii." Ukanyamaza hapo hapo. Nilijivunia. Niliporudi nilimwambia mama yako umekuwa mkubwa. Tangu siku ile sijakuona ukilia, Akeyo. Hukulia mtihani ulipokwenda vibaya, hukulia Dani alipokufa, ulisimama kando ya jeneza umekaza taya na watu wakakusifu kwamba wewe ni baba yako mtupu. Nilidhani nilikufundisha ujasiri. Nilikuziba mdomo kwa mkono wa mtu aliyekufa.

Ukakua ukiwapima watu kwa kipimo kile. Nilikuona. Yule kijana wa duka la dawa, mpole, aliyekuwa anakuja na baiskeli yake kukuletea vitabu, ulimwacha ukasema hana moto. Hukusema uongo, hakuwa na moto wa kujionyesha. Nilifahamu ulikoupata ule mfano wa mwanamume, nikakaa kimya, kwa kuwa mimi na kijana yule tulikuwa wa kabila moja la watu, wale ambao hawaandikwi.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya pazia kufungwa, kwa sababu nadhani wewe hukukiona ingawa kilitendeka kwenye mwili wako. Tulikuwa nje ya ukumbi, watu wanakupongeza. Jaji mmoja alikuita pembeni mkaongea, mkacheka. Tony, mwelekezi wenu, ambaye kesho mnapanda naye basi, alikuja akakushika kifundo cha mkono akakuvuta kutoka pale. Hakukushika kama mtu anayemwita mwenzake. Vidole vyake vilikuwa vimezama kwenye ngozi yako. Ulijikwaa. Kisha ukatugeukia, ukatuona tunatazama, ukacheka ukasema, "Usijali, Baba Mdogo. Ana moto tu, kama baba."

Nilimtazama mama yako. Hakuwa anamtazama Tony. Alikuwa anautazama mkono wako, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekwenda wenyewe kushika wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko.

Unajua ule mkono haunyooki. Umeambiwa alianguka akiteka maji. Katika tamthilia yako, arusini, mwigizaji anayecheza mama yako ananyanyua mikono yote miwili anacheza, anazunguka, na Jabali anamtazama. Ilikuwa nzuri. Mama yako hajanyanyua mkono wa kushoto juu ya bega tangu wewe ukiwa tumboni.

Nilikuwepo. Hili ndilo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika, kama mtu anayezunguka nyumba akiogopa kubisha. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, nimelala chumba cha pili nyumbani kwa Ouma na mama yako. Ouma alirudi, chakula kilikuwa kimepoa. Nilisikia sauti yake, kisha sauti ya mama yako, kisha kitu kikaanguka. Mama yako aliita jina langu. Aliita jina langu, Akeyo, si la Mungu wala la mama yake. Redio ilikuwa kando ya kitanda. Nilinyoosha mkono nikaongeza sauti.

Asubuhi Dani alimfunga mkono kwa vijiti na kitambaa, akasema wanawake wa siku hizi wana mifupa ya kuku. Ouma alikuwa amenunua samaki mkubwa, anacheka, anapika mwenyewe, na ungekuwepo ungempenda. Mimi nilikula yule samaki. Mama yako alinipa sahani kwa mkono mmoja na hakunitazama, na hakunitazama vizuri mpaka miaka kadhaa baada ya kurithiwa.

Haikuwa mara moja. Sitakuhesabia.

Kwa hiyo Kupe wako ni mwoga, na hujakosea. Umekosea sababu tu. Umemfanya mwoga kwa sababu hawezi kuingia ziwani kwenye dhoruba. Mimi kuogelea sijui, ni kweli, lakini si pale nilipoogopa. Niliogopa ndani ya nyumba, kwenye sakafu kavu, umbali wa ukuta mmoja.

Usiku ule wa Homa Bay tulirudi kwenye vyumba vya wageni. Mama yako alivua viatu, akakaa kitandani. Nilidhani amekasirika na mimi nilikuwa nimejiandaa kumtetea mtunzi. Akasema kwa Kijaluo, taratibu, kama mtu anayezungumza habari za bei ya mahindi, "Amemwandika mtu mzuri. Ningependa kuolewa na yule."

Nilivua koti nikalitundika kitini. Baadaye akasema, "Mwambie mtoto."

Nilimjibu kwamba mkono ni wake, mume alikuwa wake, amwambie yeye.

"Mimi sikumtengeneza yule mtu," alisema. "Ni wewe uliyemtengeneza. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilifikiri baba wa uongo ni afadhali kuliko baba yule. Sasa naona anakwenda kumtafuta mpaka Dar es Salaam."

Akazima taa. Wiki moja nzima nilitafuta pa kuanzia, na nilipoanza nilianza vibaya, nikasema Tony hakufai, nikasema Ouma hakuwa vile unavyofikiri, nikasema kwa sauti ya Kupe yule yule uliyemwandika, nawe ukanijibu ulivyonijibu. Una akili. Uliniambia kitu ambacho kingemnyamazisha mtu yeyote mwenye hatia.

Sikukatazi kwenda. Umechaguliwa kwa kipaji chako na kipaji hicho hakikutoka kwa Ouma wala kwangu, ulizaliwa nacho ukiangalia watu kwa jicho la pembeni. Wala sikuombi uache tamthilia. Watu wa kule watakaposema waichape iwe kitabu, wachape. Ni kazi nzuri, na mimi ni mwalimu, sisemi hivyo kwa kila kazi. Najua pia kwamba ukishasoma haya utakuwa umepoteza baba kwa mara ya pili, na safari hii hakuna mahema wala wasifu. Nilitamani kukuachia walau mmoja. Nilipima, nikaona vidole vya Tony kwenye mkono wako, nikaona bora unichukie mimi.

Usinichukie kwa kukuonyesha. Nichukie kwa redio. Hiyo naistahili.

Kuhusu Tony nitakwambia jambo moja tu ninalolijua, kwa kuwa niliishi na Ouma kabla mama yako hajaishi naye. Watu wa moto hawaanzi na mfupa. Wanaanza na kifundo cha mkono, mbele ya watu, na wanachotazama ni kama utacheka. Ulicheka. Mama yako anasema naye alicheka, mara ya kwanza, sokoni Mbita, na shangazi zake wakamwambia amepata mwanamume anayempenda. Ukitaka kujua zaidi, muulize yeye. Ameniruhusu niyaandike haya yote, nimemsomea tangu juu, na kwenye sehemu ya mkono alinikatiza mara moja tu kusema kwamba yule samaki alikuwa mbuta, na kwamba yeye hakumla. Ukimpigia simu atakujibu. Amekuwa akingoja kuulizwa kwa miaka mingi, na sisi sote, mimi na wewe na Dani, tulikuwa tunaulizana habari za Ouma.

Sikutarajia kumaliza nikiwa na hasira, lakini ninayo, nisikufiche. Nina hasira na wazee walionipa nyumba ya mtu mwingine nikaipokea. Nina hasira na Ouma ambaye hata kwa kufa kwa aibu bado anapigiwa makofi. Na kidogo, samahani, nina hasira na wewe, ambaye uliniona kila siku kwa miaka yote hiyo, ukaona koti na kalamu na mguu, ukaviandika barabara bila kukosea hata kimoja, ukaenda kumtafuta baba kwenye kaburi.

Kesho usinitafute stendi. Mama yako na Felix watakusindikiza mpaka mpakani Sirari. Wakati basi lenu linaondoka nitakuwa darasani. Habari za ushindi wako zimefika shuleni, na wanafunzi wangu wameomba tuisome tamthilia yako pamoja. Mwalimu mkuu amekubali na nakala zimekwisha kutolewa. Maswali nimeyaandaa leo mchana. La kwanza linasema: Jadili sifa za Kupe. Najua watakachoandika. Mwoga, mnafiki, mwenye tamaa, mwizi wa nyumba ya ndugu yake. Wataniuliza kama wamepata, nami nitawapa alama zote, maana ndivyo ilivyoandikwa.